Kadi ya Manyara na Chupa ya Chai

Mmeniuliza wote, mmoja mmoja na kwa mafungu, kwa nini nimerudi kutoka Njombe nimekonda na nimekuwa mkali kama pilipili kichaa. Pale barazani dukani kwa Hamisi nimejibu nusu nusu, maana kila nikianza mtu anadakia kwa habari za mvua. Basi nimeandika. Someni wote, mpitishiane, halafu msiniulize tena.

Habari za tiketi na kufunga mizigo nawasamehe. Mnatakiwa kujua mambo mawili tu. La kwanza, nina kisukari, na kila asubuhi na jioni najichoma sindano ya insulini. Wengi wenu hamkujua, na hilo ni kosa langu. Mwalimu aliyekemea watoto wa watu kwa miaka thelathini na tano haoni raha kutangaza kwamba siku hizi yeye mwenyewe anatishwa na kijiko cha sukari. La pili, binti yangu Paulina, karani wa ofisi za mkoa, ameniandikisha kwenye bima ya afya kupitia kazi yake. Kadi ina picha yangu, ina jina langu, na imeandikwa wazi: Mkoa, Manyara. Chini yake, mahali pa uhusiano, wameandika: Mtegemezi.

Kwa neno hilo tulishagombana kabla sijatoka nyumbani Nangara.

"Nimekusomesha mimi," nilimwambia, "leo ndiyo nikutegemee wewe?"

"Baba, ni neno la fomu tu. Beba kadi."

Nikabeba. Mdogo wake, Yasinta, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza kule Njombe, na alikuwa amesema hambatizi mpaka babu yake afike. Ubatizo ulipangwa Jumapili. Mimi niliondoka Jumatano.

Babati hadi Dodoma

Insulini haitaki joto, na pia haitaki kuganda. Muuguzi wetu wa kliniki alinifundisha ujanja ambao nauona wa maana hadi leo: unatia barafu kidogo kwenye chupa ya chai, ile ya kutunza joto, kwa sababu inayotunza joto hutunza na baridi. Kile kichupa cha dawa unakifunga ndani ya kifuko cha nailoni, unakining'iniza kwa uzi juu ya barafu, ncha ya uzi unaiacha nje, kisha unafunga kizibo. Barafu nilipewa na Hamisi asubuhi ile, akadhani naenda kunywa maji baridi kama bwana mkubwa.

Barabara ya Kondoa mnaijua. Hadi Bonga bado tulikuwa tunaongea, kufika Bereko tulikuwa tumenyamaza, kila mtu ameshika kiti cha mbele na kusali kwa dini yake. Lakini mateso yangu hayakuwa mashimo. Mwenye kisukari hukojoa, ndugu zangu, na haoni aibu kwa sababu hana nafasi ya kuona aibu. Nilimwomba konda asimamishe basi nichimbe dawa.

"Mzee, si umechimba dawa sasa hivi pale Kolo?"

"Nimechimba. Nataka kuchimba tena."

"Hiyo dawa yako haiishi?"

Basi zima likacheka. Nilimwambia kwamba hata yeye atazeeka, Mungu akimjalia, na siku hiyo atakutana na konda wa aina yake. Akasimamisha. Tangu hapo kila kilomita kadhaa alikuwa anapaza sauti, "Mzee wa dawa, vipi?" na mimi, kwa heshima yangu yote, nilikuwa najibu.

Kondoa tulikula. Abiria wenzangu ni watu wema, na wema wao ulikaribia kunimaliza. Mmoja ananipa soda nipate nguvu, mwingine ndizi mbivu, wa tatu ananisukumia andazi mkononi. Ukikataa unaonekana una maringo ya kimjini. Nilikula mahindi ya kuchoma na kipande cha kuku, soda nikaishika mkononi hadi ikapata moto, nikampa mtu mwingine. Kwa nini sikusema tu kwamba nina kisukari? Ni lile lile la kuona haya. Kumbukeni hilo, maana hasara yote inayofuata imeanzia hapo.

Dodoma nililala kwa Mama Helena, mjane wa marehemu mwalimu mwenzangu tuliyeanza naye kazi. Alinipokea kama kaka yake. Nilijichoma sindano yangu chumbani, mlango nimeufunga kama mwizi, kisha nikamwambia, "Mama Helena, hii chupa yangu naomba uniangalizie asubuhi kabla sijaondoka." Nilimaanisha barafu. Jirani yake alikuwa na friji, na nilimwona akitoka huko na maji baridi. Lakini sikutamka neno barafu, wala neno dawa.

Dodoma hadi Mtera

Alfajiri nilijichoma, nikarudisha kichupa, nikaacha chupa mezani, nikaenda kuoga. Niliporudi Mama Helena alikuwa amesimama mlangoni, chupa imeshatiwa kwenye mfuko wangu.

"Chupa yako nimeishughulikia, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi."

Nilimshukuru sana, nikamwombea na baraka.

Njia ya Mtera ni vumbi na miiba. Nilikaa na mama mmoja muuza vitunguu, mwanamke mchangamfu asiyejua kunyamaza, ambaye tangu tulipotoka alikuwa anaitazama chupa yangu. Kufika Mtera basi likasimama, wachuuzi wakaleta samaki wa kukaanga wa bwawani, tukanunua. Yule mama akatoa kikombe chake cha plastiki, akanisogezea.

"Baba, samaki bila chai huyu atanikwama. Nimiminie kidogo."

"Mama, humu hamna chai. Kuna maji ya barafu."

Nikafungua kizibo nimwonyeshe. Mvuke ukanipiga miwani.

Sikuamini. Nilivuta uzi, kikatoka kichupa changu ndani ya nailoni iliyonywea kwa joto. Dawa ambayo ukiitikisa taratibu inakuwa nyeupe kama maziwa, sasa ilikuwa na mabonge yameshikamana ukutani mwa kichupa. Yule mama wa vitunguu alitazama uzi, akatazama kichupa, akauliza kwa upole kabisa:

"Majani yenu ya chai ya huko Babati ndiyo yanakuwa hivi?"

Hapo nikaelewa yote. Mama Helena aliona uzi unaning'inia mdomoni mwa chupa. Akajua huyu ni mwalimu mstaafu, mtu wa mjini, anakunywa chai ya vifuko, na kifuko chake ameshakitia tayari. Kilichobaki ni maji ya moto. Akamwaga maji baridi, maana nani anasafiri na maji baridi asubuhi ya Dodoma, akajaza yaliyochemka. Mgeni hatoki nyumba ya mtu na chupa baridi. Mama Helena, barua hii ikikufikia, jua kwamba sina kinyongo na wewe hata kidogo. Ulinitendea kama watu wanavyopaswa kutendeana. Nilikuficha ugonjwa wangu, nikapata malipo ya mtu anayeficha.

Mama wa vitunguu nilimmiminia yale maji. Akayanywa na samaki wake, akasema hayana ladha.

Sindano ya alfajiri ingenifikisha jioni, basi. Baada ya hapo, bila dawa, nilijua kinachofuata kwa sababu kimeshanipata mara moja: kiu isiyokatika, macho kuingia ukungu, mwili kuchoka hadi usingizi wa ajabu, na watu kukukuta umelala wakidhani umepumzika. Njombe ilikuwa bado siku nzima. Lakini sikuogopa sana, niseme kweli. Nilipapasa mfuko wa shati, nikaigusa kadi. Kumbe nilikuwa napapasa karatasi.

Dirishani

Mji huu siutaji jina. Una watu wema kuliko ofisi zake, na sitaki wema walipie wabaya. Mjue tu kwamba ni huko nyanda za juu, tulishuka hapo saa nane mchana, na basi la Njombe lilikuwa la kesho asubuhi. Maduka mawili ya dawa niliyoingia hayakuwa na insulini. Wote walinielekeza hospitalini. Nikaenda, nikapanga foleni kwenye dirisha lenye maandishi BIMA.

Karani alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, shati safi, kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, baba."

Aliipokea kadi, akafungua daftari kubwa lenye orodha ya mikoa, kila mkoa na namba yake. Akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

"Mzee, hapa pameandikwa Manyara."

"Ndiyo."

"Manyara ni mbuga ya wanyama."

"Mbuga ipo, na ziwa lipo, na mkoa upo. Makao makuu yake Babati. Nimetoka huko jana."

"Kwenye orodha haupo."

"Orodha ni ya zamani. Mkoa ni mpya."

"Mzee wangu," akasema kwa ile sauti ambayo watu huitumia kwa watoto na wazee, "mkoa mtu haoti tu."

Jamani! Mtu aliyefundisha jiografia tangu nchi hii bado inajifunza kutembea, aambiwe mkoa ameuota! Nyie mnakumbuka tulipopata habari kwamba tumekuwa mkoa. Mnakumbuka vigelegele vya Bagara, na jinsi kila mwenye nyumba ya vyumba vinne alivyojiona ana ofisi ya kupangisha. Na huyu, mbele ya foleni, ananifuta mimi na ninyi wote kwa kidole.

Foleni nyuma yangu ilianza kunishauri. "Mzee, sema Arusha yaishe." "Si mlikuwa Arusha?" "Arusha ina namba, mzee, chukua Arusha upate dawa." Nikakataa. Nilikuwa na hasira, na mdomo ulishaanza kukauka, na hasira na kisukari havipatani. Ukutani pale korido palikuwa na ramani ya Tanzania, kubwa, ya zamani, Arusha imejitandaza kama kitenge. Nilitoa kalamu yangu nikaenda nikachora mpaka. Babati, Hanang, Mbulu, nikashuka Kiteto, nikazunguka Simanjiro, nikarudi. Katikati nikaandika MANYARA kwa herufi za ubaoni.

"Mzee! Unaharibu mali ya serikali!" Huyo alikuwa mlinzi.

"Siharibu. Nasahihisha."

Akanirudisha kwenye foleni kwa kunishika bega, na mimi nikarudi kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuwa mizito. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawaambia pale dukani kwa Hamisi, na nikiwaambia hapa nawaomba msinicheke usoni. Nilisema, "Haya. Andika Arusha."

Akaandika. Akaipeleka fomu kwa mkubwa wake chumba cha ndani. Mkubwa akatoka nayo, mama mmoja wa miwani ya mnyororo.

"Nani kaandika hii? Kadi Manyara, fomu Arusha. Hizi ndizo fomu za kughushi."

Nilieleza, kwa maneno ya kuokota. Akageuza kadi.

"Na tena wewe ni mtegemezi. Mchangiaji yuko wapi?"

"Yuko Babati. Yuko kazini, ndiyo maana anachangia."

"Basi mchangiaji mwenyewe aje, au alete barua."

"Mama, Babati ni safari ya siku mbili. Dawa yangu ni ya saa mbili zijazo."

"Utaratibu ndiyo huo, mzee wangu."

Nikasema basi, niuziwe. Nitoe fedha yangu, nipewe dawa, niende zangu. Hapo, ndugu, ndipo nilipojua kwamba akili inaweza kwenda shule ikarudi tupu. Wakaniambia haiwezekani. Nimeshafunguliwa jalada la bima, na mwenye jalada la bima hauziwi kwa fedha taslimu mpaka jalada lifungwe, na anayefunga majalada ameenda kwenye semina, atarudi kesho kutwa. Dawa ipo. Niliiona kwa macho yangu kwenye friji ya kioo nyuma ya bega la karani, imepangwa kama soda. Ilikuwa hatua nne kutoka niliposimama.

"Samahani sana, mzee," akasema karani, na nadhani alimaanisha. Kisha akafunga dirisha, maana saa ilikuwa imefika. Alipotoka na mkoba wake alinipitia kwenye benchi la korido nilipokuwa nimekaa, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee."

Sikumwitikia. Katika maisha yangu yote sijawahi kuacha shikamoo ya mtu ianguke chini. Siku hiyo niliiacha. Shikamoo walinipa nyingi, kila aliyepita alinipa; hakuna aliyenipa dawa.

Kwa Mama Skola

Kwenye benchi lile alikuwa amekaa mwanamke wa umri wangu, mnene kidogo, kanga mbili, miguu ameinyoosha mbele. Alikuwa ameyaona yote tangu ramani. Akanigeukia.

"Kamwene," akasema.

Nikapandwa na hasira upya. "Nikamwone nani tena, mama? Nimemwona karani, nimemwona mkubwa wake, nimemwona na mlinzi. Nani amebaki?"

Akacheka hadi akashika mbavu. Ndipo akanieleza kwamba hiyo ni salamu ya kwao. Kamwene, unaitikia kamwene. Nikaitikia, nikamwomba radhi.

"Ni ya sukari?" akauliza.

"Ya sukari."

"Mimi pia. Nilikuja kupimwa tu. Unatumia ya maziwa maziwa, ile ya asubuhi na jioni?"

Akanitajia jina la dawa yake, nikamtolea kile kichupa changu kilichopikwa. Ilikuwa ni ile ile. Akasimama kwa kujisukuma na mikono miwili, kama sisi sote tunavyosimama siku hizi.

"Twende nyumbani. Mimi naitwa Mama Skola. Usikae hapa, benchi hili halitibu mtu."

Mnajua mimi si mtu wa kumfuata mtu nisiyemjua. Nilimfuata. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko, vyumba viwili, na kwenye kona ya jiko palikuwa na chungu kidogo kimezikwa nusu kwenye mchanga wenye maji. Alifunua kifuniko, akatoa chupa yake ya insulini, imefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Friji sina," akasema, "lakini baridi ya huku inatosha."

Sindano safi nilikuwa nazo. Nikapima kiasi changu, nikajichoma mbele yake, mlango wazi, mara ya kwanza kufanya hivyo mbele ya mtu asiye muuguzi. Yeye akajichoma cha kwake. Kisha tukala ugali na mboga ya maboga, kila mmoja akimega kidogo na kumchunga mwenzake. Daktari wangu wa Babati ameshanigombeza kwa jambo hili, kwamba dawa ya mtu si ya kuchangia. Nimemjibu kwamba ni kweli, na kwamba aniletee yule mwenye semina nimweleze mbele yake.

"Na wewe bima yako ni ya nani?" nilimuuliza.

"Bima? Mimi nimelima maisha yangu yote, nani aniandikie bima? Ninanunuliwa na Skola. Yuko Dar, anafanya kazi za ndani. Hii chupa ni ya mpaka aje mwisho wa mwezi."

Nilisikia. Nawaambia kweli, masikio yalisikia. Lakini sikuhesabu, mimi niliyefundisha watoto kuhesabu. Alinilaza chumba cha mbele kwa heshima zote, asubuhi nikachota tena kiasi changu, na mlangoni akanishurutisha nichote na cha tatu, nikibebe ndani ya sindano, cha jioni ya njiani basi likichelewa. Nikakataa mara mbili, mara ya tatu nikakubali.

Njombe

Basi lilichelewa, na ile sindano ya tatu niliitumia kwenye kituo cha mafuta, tukisubiri tairi. Kwa hiyo Mama Skola alijua alichokuwa anasema.

Mjukuu wangu ni msichana, ana sauti ya mlinda ndege shambani. Yasinta alilia kuniona, nikamwambia aache, maana nami nilikuwa karibu. Jumamosi mkwe wangu alinipeleka hospitali moja ya pale. Muuguzi akaiangalia kadi, akafungua orodha ile ile, yenye mikoa ile ile. Hakuiona Manyara. Akachukua kalamu, akaiandika kwa mkono pembeni ya orodha, akauliza, "Ni N moja, mzee?" akaniletea dawa. Hakuketi hata kwenye kiti.

Nilisimama pale nikashikwa na uchungu kuliko wa lile dirisha. Ningeambiwa sheria ni ngumu ningevumilia. Kumbe ilikuwa ni kalamu tu, na yule kijana alikuwa na tatu.

Jumapili tulibatiza. Siwaelezi sherehe, picha Paulina anazo. Niwaambie tu kwamba siku ile niliitangazia meza nzima, bila kuulizwa na mtu, kwamba nina kisukari na keki wasinikaribishe. Nilikaa siku kumi zaidi. Kabla ya kuondoka nilinunua kwa fedha yangu chupa moja ya insulini, ya Mama Skola. Safari hii kwenye kizibo nilibandika karatasi: DAWA. SI CHAI.

Kurudi

Nyumba nyuma ya soko ilikuwa imefungwa. Jirani akaniambia Mama Skola yuko hospitali, kaanguka bombani juzi na ndoo kichwani.

Hapo ndipo nilipohesabu. Vipimo vyangu vitatu, na mimi natumia kingi kuliko yeye, vilikuwa kwake ni vya siku mbili au zaidi. Mwisho wa mwezi ulikuwa bado, na Skola alikuwa hajaja. Alichokuwa amefanya ni kupunguza kidogo kidogo, kila siku achote pungufu, ili chupa ifike.

Nikapita ile korido. Ramani ilikuwa palepale na mstari wangu haujafutwa, ila kando ya neno MANYARA mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Hii nini? Dirisha la BIMA lilikuwa wazi, kijana yumo. Sikusimama.

Alikuwa wodi ya wanawake, kitanda cha pembeni, ana dripu mkononi na uso umenywea. Waliokuwa wanamtibu walikuwa wamempa dawa ya siku ile, wakamwambia za mbele ndugu zake watafute. Alifumbua macho, akanitambua.

"Kamwene," akasema taratibu.

"Nimemwona," nikamjibu. "Nimekuja kumwona."

Alicheka kidogo, na kicheko kilimchosha. Mimi machozi yalinitoka pale pale, mtu mzima, mbele ya wagonjwa wote, na nilikuwa na hasira hata na hayo machozi. Nilimuuliza kwa nini hakunikatalia. Akasema, "Wewe ulikuwa una safari, Mwalimu. Mimi nilikuwa naenda wapi?"

Muuguzi wa zamu akaja na daftari. Dawa ikiletwa kutoka nje lazima iandikwe, na mwenye kuileta aandikwe pia. Nikamkabidhi ile chupa yenye karatasi yake. Akaandika jina langu. Nikamtajia mkoa, Manyara, nikamsubiri. Akaandika Manyara bila kuinua kichwa.

"Na wewe, mzee, ni nani wake? Kaka? Shemeji?"

"Andika mtegemezi."

Akainua kichwa. "Hapana, mzee, simuulizii yeye. Nakuulizia wewe. Mtegemezi ni yule anayesaidiwa."

"Najua maana yake, binti yangu," nikasema. "Andika hivyo hivyo."